Alama Hutambulisha, Haihukumu

Kila Pasaka usharika wetu hubatiza watoto. Mwaka mmoja, miongoni mwa akina mama waliosimama mbele ya madhabahu, alikuwamo mmoja aliyemfunika mwanawe kitambaa shavuni. Mchungaji alipomwomba amfunue, alisita. Chini ya kitambaa palikuwa na baka la rangi ya zambarau iliyoiva, lililoanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka mpaka kidevuni. Yule mama akauliza kwa sauti ya chini, "Baba mchungaji, maji haya yataliondoa?"

Wengi wetu tulilisikia swali lile, na baadhi yetu tulijua lilikotoka. Mama mkwe wake alikuwa amesema kwamba alipokuwa mjamzito alimcheka mtu mwenye kovu la moto. Jirani akaongeza kwamba alitoka nje usiku mwezi ulipopatwa. Sisi, waumini wenzake, hatukumtetea, na wapo kati yetu waliokuwa wameyarudia maneno hayo kisimani. Kwa hiyo tunaandika insha hii kama watu wanaodaiwa. Tunataka kuuliza kwa utaratibu: alama ambayo mtu amezaliwa nayo inatuambia nini juu yake, na ni nini ambacho haiwezi kutuambia? Historia ya Kanisa na historia ya mkoa wetu wa Tanga zote zina la kusema.

Sisi wa Horohoro tunaishi mahali ambapo watu hutazamwa usoni kila siku. Ni mpakani, kwenye barabara ya Tanga kwenda Mombasa, na ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, Kenya. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawakata Wadigo wakawa wa huku na wa kule. Tangu hapo anayevuka hana budi kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Pasipoti za zamani zilizofuata mtindo wa Kiingereza zilikuwa na mstari wa kuandika alama za pekee za mwilini: kovu la paji la uso, waa la shingoni, kidole kilichokatika. Ofisa alisoma alama ile ili amjue mwenye pasipoti ni nani. Hakuisoma ili ajue kama ni mtu mwema au mwovu, wala kama wazazi wake walitenda dhambi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo moyo wa insha hii.

Kwanza tuzijue alama zenyewe, kwa maana mengi huogopwa kwa sababu hayajulikani. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na seli maalumu. Seli hizo zikikusanyika mahali pamoja hutokea kidoa cheusi au cha kahawia, ambacho wengine huita waa. Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa nacho. Wengine wengi huvipata utotoni na ujanani. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na doa la bluu au kijivu kiunoni au makalioni, kama mtu aliyepigwa. Hilo si pigo. Ni seli za rangi zilizobaki ndani kabisa ya ngozi mtoto alipokuwa akiumbika tumboni, na kwa kawaida doa hufifia katika miaka michache ya kwanza. Liko pia baka la mishipa midogo ya damu iliyotanuka, kama lile la mtoto wetu. Hilo halifutiki lenyewe, bali hukua pamoja na mwenye nalo. Liko uvimbe mwekundu unaojitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, ukakua upesi, kisha ukasinyaa polepole kwa miaka. Na viko vidutu vidogo vyeusi ambavyo wengi wetu huota mashavuni tukiwa watu wazima, kama walivyoota baba na bibi zetu. Hivyo ni urithi wa ukoo na havina madhara.

Katika hayo yote hamna hata moja linaloletwa na kicheko cha mama au kupatwa kwa mwezi. Hata hivyo tusimcheke aliyeamini hivyo, maana imani hiyo ni ya kale na imezunguka dunia nzima. Ndani ya Biblia yenyewe, katika Mwanzo 30, Yakobo anabambua fito na kuzisimamisha mbele ya kondoo na mbuzi wanywapo maji, akitumaini kwamba wakizitazama watazaa wenye milia na madoadoa. Watu wengi huishia hapo, wakadhani Maandiko yanathibitisha kwamba macho ya mama humwandika mtoto. Lakini sura inayofuata Yakobo mwenyewe anawasimulia wake zake ndoto yake: alionyeshwa kwamba madume waliowapanda majike walikuwa na milia na madoadoa tangu mwanzo, na kwamba Mungu ndiye aliyeyaona mateso yake. Yakobo alitegemea fito, lakini Mungu akamwonyesha uzazi.

Huko Ulaya nako waliamini vivyo hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1726 mwanamke mmoja wa Uingereza, Mary Toft, alidai kuzaa sungura baada ya kutamani sungura akiwa mjamzito, na baadhi ya matabibu wakubwa walimsadiki mpaka hila ilipofichuka. Mwaka uliofuata daktari James Blondel wa London alitoa kitabu cha kupinga wazo kwamba fikra za mama humtia mtoto alama. Wazo hilo lilikuwa na ubaya ambao tunaujua vizuri hapa kwetu: kila mtoto aliyezaliwa tofauti, mama yake alitiwa hatiani. Lawama haikuwa na haja ya ushahidi, kwa sababu baka lenyewe lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Kanisa nalo lina sura yake nyeusi katika historia hii. Katika karne ya 16 na ya 17, Wakristo wa Ulaya waliamini kwamba Shetani huwatia wachawi alama mwilini. Washtakiwa, wengi wao wanawake na wazee, walivuliwa nguo na kukaguliwa. Waa, chunjua au doa lolote liliweza kuhesabiwa kuwa muhuri wa Shetani, na wengine walichomwa sindano ili ionekane kama mahali pale hapaumi. Mfalme James wa Scotland, ambaye baadaye jina lake lilipewa tafsiri maarufu ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, aliandika mwaka 1597 kitabu cha kuunga mkono uchunguzi wa namna hiyo. Mwaka 1692 huko Salem, Marekani, miili ya washtakiwa ilikaguliwa vivyo hivyo, na watu 19 wakanyongwa. Waliofanya hayo walikuwa washirika wa kanisa, waliosali Jumapili kama sisi.

Baadaye Wakristo wengine, hasa waliotetea utumwa Marekani, walifundisha kwamba ngozi nyeusi ndiyo alama aliyotiwa Kaini. Maandiko hayasemi hivyo. Katika Mwanzo 4 hatuambiwi alama ile ilikuwa ya rangi gani wala ilikaa wapi. Tunaambiwa tu kazi yake: Bwana alimtia Kaini alama ili yeyote atakayemkuta asimwue. Alama ya kwanza inayotajwa katika mwili wa mwanadamu iliwekwa na Mungu ili kulinda uhai. Waliofanya alama kuwa sababu ya kumtesa mtu waliligeuza neno hilo kichwa chini miguu juu.

Turudi sasa nyumbani, maana Tanga haikuhitaji kufundishwa na Wazungu kuhukumu mwili wa mtoto. Wazee wetu wa Bonde, Usambara na kwingineko walimwogopa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Meno si waa la ngozi, lakini hukumu ilikuwa ile ile: jambo lililotokea mwilini pasipo mtoto kulitaka lilihesabiwa kuwa tangazo la maafa kwa ukoo. Mila iliamuru kigego auawe.

Sasa tufungue kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa Mwislamu wa pwani aliyewatumikia watawala wa Kikilindi akazijua habari zao kwa karibu. Kitabu chake kilichapishwa kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895, na mitambo ya misheni ya Anglikana iliyokuwa Magila, wilaya ya Muheza ya leo. Mwislamu akaandika, wamisionari wakachapa, na kwa ushirikiano huo tukabakiwa na moja ya hazina kubwa za historia ya Tanga.

Kitabu kinasimulia habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Kilindi. Alizaliwa Nguu, na alikuwa kigego. Kwa mila ya nchi hakupaswa kuishi, lakini hakuuawa. Alikua, akawa mwindaji hodari, na jamaa zake hawakuacha kumwogopa. Kila msiba ulipotokea, jicho lilimgeukia yeye. Mwisho wakamkataa, wakamnyima urithi, akaondoka kwao na mbwa wake wa kuwindia. Alipita nchi kadhaa akiwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakila mazao ya watu, na nyama akawagawia. Alipofika milima ya Usambara, watu wale hawakuyauliza meno yake. Waliona mkono unaotoa, wakamsikia akiamua mashauri kwa haki, wakamtaka awe mtawala wao huko Vugha. Kiti hicho ndicho alichokikalia baadaye Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akiomba ruhusa ya kuihubiri Injili.

Wanahistoria hujadili ni kiasi gani cha habari za Mbegha kilitokea hasa, na ni kiasi gani kilipambwa na wasimulizi. Mjadala huo hauondoi uzito wa jambo moja. Watu wa milima hii, walipotaka kueleza utawala wao ulianzaje, walimchagua mtoto ambaye mila yao wenyewe ilisema afe. Ndani ya mila iliyohukumu, palikuwa na kumbukumbu iliyoiuliza mila hiyo swali. Sisi tunaosoma habari za jiwe lililokataliwa na waashi tunapaswa kulielewa swali hilo upesi kuliko wengine.

Iko sehemu nyingine ya pwani ambapo ngozi ilisomwa kwa namna ya kutisha. Katika soko la watumwa la Unguja, wanunuzi waliwakagua watu kama mifugo: meno, macho, viungo, ngozi. Walitafuta kasoro ili bei ishuke. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana mahali pale pale. Watu walisimama kuabudu katika uwanja ambapo miili ilikuwa imethaminiwa kwa fedha. Kwetu sisi hilo ni fundisho: anayeingia kanisani hapaswi kukaguliwa tena.

Tungependa kusema kwamba mambo hayo yamepita. Hayajapita. Katika kizazi chetu hiki, hapa Tanzania, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa imani kwamba ngozi yao ni dawa ya utajiri. Ualbino ni hali ya kurithi, mwili kukosa rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Waliouawa hawakuhukumiwa kuwa wabaya. Walihesabiwa kuwa na thamani, na thamani hiyo ikawa kifo chao. Hivyo tusidhani kwamba kuigeuza alama kuwa bahati ni dawa ya kuifanya nuksi. Anayesema, "Mwenye waa hapa atakuwa tajiri," na anayesema, "Mwenye waa hapa ataua mume," wote wawili wamemwacha mtu wakamshika waa.

Huenda lugha yetu yenyewe hututega. Maneno waa, doa na ila tunayatumia kwa ngozi, na tunayatumia kwa dhambi. Biblia yetu ya Kiswahili inapozungumza juu ya Mwana-Kondoo asiye na waa, au Kanisa lisilo na doa, sikio la mwenye baka shavuni husikia kitu ambacho sikio la mwenzake halisikii. Wapo pia watakaotukumbusha Walawi 21, ambapo kuhani mwenye kilema hakuruhusiwa kusogeza sadaka madhabahuni. Ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo inasema kuhani huyo alikula chakula kitakatifu pamoja na wenzake. Hakutengwa na meza. Na sisi tunaamini kwamba sadaka kamili imekwisha kutolewa mara moja tu, kwa hiyo hakuna ngozi ya mtu mwingine inayosubiri ukaguzi. Doa ambalo Kristo analiosha katika Kanisa lake ni wivu wetu, uongo wetu, na maneno yetu ya kisimani.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Swali lao lilikuwa na majibu mawili tu, yote ya lawama. Yesu alikataa yote mawili. Na baada ya kufufuka, alipomtokea Tomaso, alikuwa bado na alama za misumari. Mwili wa utukufu haukufutwa alama zake, na kwa alama hizo Tomaso akamtambua Bwana. Hapo ndipo tunapoona kazi halali ya alama: kumtambulisha mtu kwa wampendao.

Kuacha kuhukumu si kuacha kutazama. Katika Walawi 13 kuhani aliamriwa kulitazama doa la ngozi kwa makini, kungoja siku saba, kisha kutazama tena. Na yako mabaka ambayo alitakiwa kuyatangaza kuwa safi. Utaratibu huo wa kungoja na kutazama tena unatufaa mpaka leo. Waa likibadilika ukubwa, umbo au rangi, likitoa damu, likiwasha au likawa kidonda kisichopona, mwenye nalo aende hospitali. Kwa watu weusi saratani hatari ya seli za rangi hupenda kujitokeza nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo wengi hatutazami. Mwanamuziki Bob Marley alipatwa nayo chini ya ukucha wa dole la mguu, ikadhaniwa kuwa jeraha la mpira, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mtoto mwenye baka jekundu usoni, hasa karibu na jicho, apelekwe akapimwe macho na afya kwa jumla. Mwenye mabaka mengi ya kahawia, sita au zaidi, naye amwone daktari. Mwenye ualbino ajikinge na jua tangu utotoni. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyoanzishwa kwa juhudi za makanisa, kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wahudumu wa nchi nyingi za Afrika. Hiyo pia ni kazi ya Injili. Kukwangua waa kwa wembe, kulichoma au kulipaka dawa kali za kienyeji kunaweza kuleta kidonda na kuchelewesha tiba.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Walijua kwamba mwili wa kila mmoja wetu bado unaandikwa, kwa ugonjwa, kwa ajali, kwa uzee, na anayemwonyesha mwenzake kidole leo hajui kesho.

Siku ile ya Pasaka mchungaji alimjibu yule mama kwamba maji hayataliondoa baka, kwa kuwa halikuwa kosa la kuondolewa. Akamwomba akitoe kitambaa. Kisha akamchukua mtoto mikononi, akamtaja kwa jina, akambatiza, na maji yakapita juu ya shavu lile kama yalivyopita juu ya mashavu ya watoto wengine wote.

Baada ya ibada baadhi yetu tulimfuata yule mama nje kumwomba radhi. Tulichelewa kwa miezi, lakini tulikwenda. Wazee wa kanisa walichanga nauli, na mtoto akapelekwa kupimwa jicho; jicho likaonekana zima. Baka liko pale pale. Sasa watoto wa Shule ya Jumapili wamemzoea, na akipotea kwenye umati wa sikukuu, mama yake humwona kutoka mbali.